Taarifa ilimkuta Chalinze

Basi lilisimama Chalinze, watu wachimbe dawa na kutia kitu tumboni. Dada yangu, mtoto wa shangazi, alinunua chipsi na mishikaki miwili, akarudi kwenye siti yake ya dirishani, akawasha data aliyokuwa ameizima tangu Dodoma ili chaji imfikishe. Simu ikatetemeka mfululizo. Meseji hakuzifungua. Alifungua stetasi, kwa sababu stetasi haidai majibu.

Ya kwanza ilikuwa yangu.

Picha ya mama yake kavaa dera la zambarau, anacheka mpaka jino la dhahabu linaonekana. Chini yake nimeandika: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Shangazi yangu kipenzi, tangulia, sisi tuko nyuma yako.

Tangu alfajiri kila aliyempigia alikuwa akimwambia mama alizidiwa kidogo, yuko hospitali, anaendelea vizuri, wewe njoo tu.

Kutoka Chalinze mpaka Muheza ni zaidi ya saa tatu kwa basi. Nimezifikiria saa hizo tatu kwa wiki nyingi sasa, wakati mwingine nikiwa katikati ya kazi nyingine kabisa, nafua au nasubiri mwendokasi, nikajikuta nimesimama.

## Dakika saba

Nimerudi kwenye simu yangu kupiga hesabu. Baba Mkubwa alinipigia saa 12:40 asubuhi. Alisema, "Mwanangu, shangazi yako hatunaye," akanyamaza, nikamsikia akivuta pumzi. Nililia. Nililia kweli, na nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata yatanifanya nionekane kama sikulia.

Stetasi yenyewe ilishafutika, lakini picha ileile niliituma pia kwenye kundi la tuliosoma pamoja, na huko saa imebaki: 12:47.

Ndani ya dakika saba nilikuwa nimelia, nimetafuta picha, nimemkata mtu aliyekuwa amesimama pembeni, nimechagua maneno, nimeweka kile kialama cha mshumaa, nimekumbuka kuwa sisi hatuwashi mishumaa, nimekifuta.

Saa 12:58 Baba Mkubwa aliandika kwenye kundi la ukoo, kwa herufi kubwa kama kawaida yake: NAOMBA MSIWEKE POPOTE. DADA YENU YUKO NJIANI. TUNAMPOKEA MUHEZA.

Niliisoma.

Hapa ndipo pananikaba. Niliisoma, nikaenda kuangalia nani ameshaona stetasi yangu. Watu 61. Nikasema moyoni maji yameshamwagika, na isitoshe dada yuko kwenye basi, data kazima, atafika salama. Na pole zilikuwa zinaingia. Mtu niliyefanya naye kazi miaka sita iliyopita aliniandikia aya nzima. Niliijibu. Nilijibu karibu zote, nikiwa nimekaa na gauni la kulalia, maji ya kuoga yanapoa kwenye ndoo.

Kubonyeza kufuta kungenichukua sekunde mbili.

## Mpango wa Baba Mkubwa

Kila ukoo una mtu wake wa kupeleka habari za msiba, hata kama hakuna aliyewahi kumpa kazi hiyo. Kwetu ni Baba Mkubwa. Mpango wake wa siku ile nilikuja kuujua baadaye. Angesimama mwenyewe stendi ya Muheza, pamoja na mama mdogo na jirani mmoja mwenye mwili na mikono ya kumdaka mtu. Dada angeshuka, angepokewa begi, angeingizwa kwenye gari katikati ya wale wanawake wawili. Asingeambiwa kitu mpaka gari liondoke, na asingeambiwa na mwingine.

Nilimuuliza kwa nini mpaka gari liondoke. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chumvi inatiwa kwenye mboga.

"Stendi kuna watu wanauza maji," alisema. "Mtu haanguki mbele ya watu wanaouza maji."

## Neno "sana"

Mwaka 1978 baba yangu alikuwa mwalimu mdogo huko Songea. Siku moja mhudumu wa shule alimletea simu ya maandishi kutoka posta. Enzi hizo ulilipia kwa neno, kwa hiyo watu waliandika kama wanang'oa meno. Yake ilikuwa na maneno matano: MAMA MGONJWA SANA NJOO UPESI.

Wakubwa wote walilijua lile neno "sana". Mgonjwa tu ni mgonjwa. Mgonjwa sana, kwa mtu uliyeamua kumlipia neno zima la ziada, alikuwa ameshazikwa au anakaribia. Mwalimu mkuu aliisoma, akamkunjia baba hela mkononi, akamwambia awasalimie nyumbani. Hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo. Baba alikuwa na miaka ishirini na minne, na anasema hakulijua lile neno.

Alisafiri siku mbili na usiku wake. Alipofika, kaburi la mama yake lilikuwa na siku tatu.

Nilimsimulia kisa changu cha stetasi nikitegemea anigombeze. Badala yake akaanza kusema habari ya safari ile: malori, vumbi, usiku aliolala Iringa kwenye benchi. Njia nzima alikuwa akipanga atamwambia nini mama. Alinunua vitunguu njiani, maana mama alipenda vitunguu vya huko.

"Zile siku mbili," alisema, "mama yangu alikuwa hai kwangu mimi peke yangu. Watu wote walikuwa wameshamzika."

Nikamuuliza kama aliona amedanganywa. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia vile vitunguu viliozea kwenye kikapu nyuma ya mlango, hakuna aliyethubutu kuvipika.

Sijui kama lile lilikuwa jibu.

## Habari ziwafikie

Mliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam mnayakumbuka matangazo ya vifo. Ile sauti ya taratibu. Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, maziko yatafanyika kesho, habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Lindi, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Mama yangu aliinua mkono na nyumba nzima ikanyamaza, hata kama yale majina hatukuyajua hata moja. Nilidhani ni adabu tu. Kumbe alikuwa akisikiliza kama jina letu lipo.

Nilipoanza kuandika makala hii nilitaka kusema kwamba redio ilikuwa na huruma na simu haina. Nimeshindwa. Mtaani kwetu kuna mama aliyelisikia jina la kaka yake mashineni, anasubiri kusagiwa mahindi. Unga ulimwagika, yeye akaanguka juu yake, na sisi watoto tulikimbia kwenda kuangalia. Redio haikumuuliza yuko wapi wala yuko na nani. Taarifa ilimkuta Chalinze yake.

Lakini lile tangazo lilikuwa limekaliwa kikao. Watu wazima waliketi mkekani wakaulizana nani atajwe kuwa mfiwa, nani habari zimfikie, nani alishaambiwa kwa mdomo. Kisha mtu akatumwa na karatasi na pesa. Huenda walikosea, ila walikosea pamoja. Mimi nilikuwa msichana mmoja kitandani Mbagala, na kikao changu kilikuwa kidole gumba.

Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 1999 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Rais Mkapa mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Nakumbuka watu wazima wakitoka nje ya nyumba zao bila sababu, wanasimama tu uani, kama tetemeko limepita. Habari ilituangukia wote kwa pamoja, kwa sauti moja, na mwenye sauti alikuwa naye anaumia.

Machi 2021 ilikuwa vingine. Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari, na kwa siku kumi na nane simu zetu hazikulala. Anaumwa, haumwi, yuko Nairobi, yuko India, ameshafariki, anachapa kazi ofisini. Usiku wa Jumatano ya tarehe 17, Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alipotokea TBC kutangaza kifo chake, sebuleni kwetu hakuna aliyepiga kelele. Mdogo wangu wa kiume alisema, "Kumbe kweli." Kisha wote tukainamia simu zetu, kuona wenzetu wanasemaje.

Sikuwa na nafasi ya kushtuka. Nilikuwa nimeshashtuka vipande vipande, kwa wiki mbili na nusu, tena mara nyingi kwa habari za uongo.

## Mia na arobaini na tatu

Stetasi za picha zinazodumu saa 24 zililetwa na WhatsApp Februari 2017, na hazikuchukua muda kugeuka ubao wa matangazo wa mtaa mzima. Harusi ipo pale, biashara ya vitenge, kijembe kwa mume wa mtu, na msiba. Chini kuna kijicho na namba ya walioona.

Yangu iliishia 143.

Nimejiuliza niliiweka kwa ajili ya nani. Shangazi hakuwa anaiona tena. Ndugu walikuwa wameshapigiwa simu. Waliobaki ni wateja wangu, walimu wa mwanangu, fundi wa friji. Nilitaka fundi wa friji ajue nini hasa?

Jibu la kwanza nililojipa ni la heshima: nilitaka watu wamwombee. Jibu la pili nililipata usiku wa manane na silipendi. Nilitaka niwe ndani ya msiba. Nilikuwa mbali, na mbali ya siku hizi ni ajabu, maana unajua kila kitu na huna cha kushika. Wenzangu kule walikuwa wanateka maji, wanakuna nazi, wanafungua mikeka. Mimi nilikuwa na simu. Nikashika nilichonacho.

Na kuna jibu la tatu, fupi. Nilitaka niwe wa kwanza.

## Ungo

Dada hakusema neno siku ya msiba. Alinisalimia, tukakumbatiana, tukalia. Nikafikiri labda hakuiona. Nilirudi Dar na matumaini hayo ya kijinga.

Tulikutana tena kwenye arobaini. Asubuhi ya hitima tulikaa uani tunachambua mchele, ungo wake na ungo wangu, na bila kuinua macho akaniambia habari ya Chalinze. Mishikaki ilivyoanguka. Bibi aliyekaa naye, mtu asiyemjua, alivyomvua simu mkononi akaisoma mwenyewe kwanza. Alimfunga khanga yake kiunoni, akamwambia lia mwanangu, lia, safari bado ndefu. Konda alizima video. Mtu wa siti ya nyuma, mwanamume mzima, alianza kusoma Yasini kwa sauti ya chini na hakunyamaza mpaka Mkata.

Mimi nilikuwa nasubiri hukumu.

"Nilipofika Muheza," alisema, "Mjomba akanishika mkono, akaanza, mwanangu, unajua kazi ya Mungu. Nikamwambia Mjomba, twende upesi, nataka kumwosha mama."

Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa.

"Mngeniambia mle garini ningezimia. Najijua. Mngenibeba ndani, mngenimwagia maji, na mama angeoshwa na wengine. Nilimwosha mimi. Nilimtia kafuri mimi."

Nikafungua mdomo. Akanikata.

"Usidhani nakushukuru."

Tukaendelea na mchele. Baada ya muda akasema kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hata siku moja katika majuma yote niliyojilaumu. Alisema hata bila stetasi yangu alikuwa ameshajua, tangu Dodoma. Kila aliyepiga simu alimwambia mama anaendelea vizuri, na hakuna hata mmoja aliyesema ngoja nimpe simu umsikie. "Mlikuwa mnanidanganya vibaya. Sauti zenu nazijua." Alizima data si kwa ajili ya chaji peke yake. Alizima kwa sababu hakutaka kujua kabla hajafika, na Chalinze njaa ikamfanya asahau.

Yaani kuna mlango alioufunga mwenyewe, kwa akili zake, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili na picha mkononi.

"Waliiona watu wangapi?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sikumbuki.

"Mia na arobaini na tatu."

Alitikisa ungo, pumba zikaruka upande, akapuliza zilizobaki. "Mia na arobaini na tatu," alirudia, kama mtu anayetajiwa bei. Hakusema tena kitu mpaka tukaitwa kwenda kupika.

## Siku 120

Namba ya Shangazi bado ninayo. Kwenye kundi la ukoo bado yumo, na picha yake ni ua la waridi alilolitoa sijui wapi. Kila asubuhi alikuwa akitutumia dua zenye mapambo na njiwa wanaoruka, na tulikuwa tukizipita bila kuzifungua kwa sababu zilimaliza bando. Nimerudi nyuma nikazifungua zote. Nyingi haziwezi tena kupakuliwa.

WhatsApp ina hesabu yake ya matanga. Akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na siku hiyo kundi litaandika kwamba Shangazi ameondoka, kama vile amekasirishwa na mtu. Nimemwambia Baba Mkubwa mapema ili asije akashtuka. Aliuliza nani wa kuongea nao ili wamwache. Nikamwambia hakuna wa kuongea naye. Akasema haiwezekani, kila ofisi ina mtu.

Mwanangu wa darasa la sita ananiambia suluhisho ni rahisi, mtu awe anaiwasha simu ya Bibi mara mojamoja na kuingia humo. Anajua kila kitu huyu. Simu yenyewe iko Muheza, kwenye kabati la Dada, na sijapata ujasiri wa kumwambia.

## Namba ya Mbeya

Wiki iliyopita jirani yetu, mzee aliyekuwa akitengeneza baiskeli pale kona, alifariki mchana akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mwanawe wa pekee anasoma Mbeya. Mama yake alinipa simu yake, mikono inatetemeka, akasema, "Mpigie wewe. Mimi sauti yangu ataijua."

Nilitoka nje ya geti nikampigia kwanza Baba Mkubwa. Nilimuuliza naanzaje. Alinielekeza pole pole, kama anavyoelekeza njia: muulize kwanza yuko wapi. Kisha muulize yuko na nani. Kama yuko peke yake usimwambie kitu, tafuta rafiki yake au mwenye nyumba afike hapo kwanza, ndipo upige tena. Na usiseme "anaendelea vizuri". Sema "njoo".

Nikapiga. Kijana akapokea mlio wa kwanza haujaisha.

"Uko wapi, mdogo wangu?"

"Geto."

"Uko na nani hapo?"

Kimya. Kisha akasema, "Nimeshaona, dada."

Mtu wa mtaani kwetu. Sijamuuliza ni nani, na sina mdomo wa kumuuliza.

Nilikuwa na maneno yote ya Baba Mkubwa kichwani na hakuna hata moja lililobaki la kutumika. Nikamwambia pole. Nikamwambia mama yake yuko na wanawake wenzake, hajaachwa. Nikamwambia ngoja nikate nimtafute mtu wa kuja hapo alipo.

"Usikate," alisema.

Sikukata. Niliingia ndani kwa ishara, nikamwomba mume wangu kwa simu yake atafute mtu yeyote tunayemjua Mbeya, nikarudi kusimama getini. Tulikaa hewani dakika kumi na tisa. Sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyesema kitu. Nilisikia feni yake ikizunguka na kugonga kitu kila mzunguko, na mahali fulani nje kwake gari lilikuwa linarudi nyuma. Kisha mtu akabisha hodi kwenye mlango wake.